Bose: Mwalimu wa fizikia aliyekubali kuwa mwanafunzi tena

OKTOBA 1924, mwalimu mmoja wa fizikia mwenye umri wa miaka 30 aliwasili jijini Paris, Ufaransa, baada ya safari ndefu ya meli kutoka India. Hakuwa na shahada ya uzamifu. Hakuwa amewahi kukanyaga Ulaya. Familia yake alikuwa ameiacha nyumbani. Alichokuwa nacho ni ruhusa ya miaka miwili kutoka kwa mwajiri wake, posho ya masomo, na postikadi moja iliyoandikwa na Albert Einstein.

Jina lake ni Satyendra Nath Bose. Huenda hujawahi kulisikia. Lakini kama umewahi kusikia neno bosoni kwenye habari za sayansi, basi tayari umeshalitamka jina lake bila kujua. Kundi zima la chembe zinazounda ulimwengu huu, mwanga ukiwemo, limepewa jina la mwalimu huyu.

Watu wengi wakimsimulia Bose huishia kwenye ile barua aliyomwandikia Einstein. Wanasahau kilichofuata: mtu ambaye tayari alikuwa na wanafunzi wake, tena jina lake limeanza kuvuma, anaamua kwenda kukaa kwenye maabara za watu wengine ili afunzwe kazi ya mikono. Na ndiko kisa chake kinakonoga.

Kijana wa Calcutta

Bose alizaliwa Januari 1, 1894 mjini Calcutta, ambao siku hizi unaitwa Kolkata. India wakati huo ilikuwa koloni la Uingereza. Babake, Surendranath, alifanya kazi katika shirika la reli. Satyendra alikuwa kifungua mimba na mvulana wa pekee. Waliomfuata, wote sita, walikuwa wasichana.

Shuleni alikuwa moto wa kuotea mbali, hasa kwenye hisabati. Alijiunga na Presidency College, ambako alifunzwa na watu wazito: Jagadish Chandra Bose, mtafiti wa mawimbi ya redio ambaye hawakuwa na udugu ila jina tu, na Prafulla Chandra Ray, bingwa wa kemia. Darasani mwake kulikuwa na kijana mwingine moto, Meghnad Saha, aliyekuja kusifika kwa utafiti wake kuhusu nyota. Mtihani wa uzamili ulipofanywa mwaka wa 1915, Bose alikuwa wa kwanza, Saha wa pili.

Sasa, baada ya kuongoza darasa, unaenda wapi? Swali hilo vijana wengi wanalijua. Kwa Mhindi chini ya ukoloni, nafasi kubwa kubwa kwenye elimu ya serikali zilikuwa za Wazungu kwanza. Bahati nzuri, Chuo Kikuu cha Calcutta kilikuwa kimeanzisha kitivo kipya cha sayansi, na mwaka wa 1916 Bose na Saha wakaajiriwa kufundisha huko.

Kazi yenyewe haikuwa mchezo. Walitakiwa kufundisha fizikia mpya ambayo wao wenyewe hawakuwa wamefundishwa na yeyote. Vita Kuu ya Kwanza ilikuwa imefunga njia, na majarida ya kisayansi kutoka Ujerumani hayakufika. Basi wakaazima vitabu kwa msomi mmoja kutoka Ulaya aliyekuwa akifundisha karibu na mji huo, na kujifunza Kijerumani ili waweze kuvisoma. Kufikia mwaka wa 1920, vijana hao wawili walikuwa wamechapisha kitabu cha makala ya Einstein kuhusu nadharia ya uhusianifu, wakiyatafsiri wenyewe kutoka Kijerumani hadi Kiingereza.

Kwa hivyo hata kabla hajapanda meli yoyote, Bose alikuwa na tabia moja: jambo asilolijua hakulikwepa darasani. Alienda kulitafuta.

Swali lililomkera

Mwaka wa 1921, Chuo Kikuu cha Dhaka kilifunguliwa. Leo Dhaka ni mji mkuu wa Bangladesh, lakini wakati huo ulikuwa sehemu ya Bengal chini ya Waingereza. Bose alihamia huko kuwa mhadhiri, ngazi moja chini ya profesa. Chuo kilikuwa kichanga, vifaa vya maabara vichache.

Miongoni mwa mada alizofundisha ni kanuni ya Max Planck ya mwaka wa 1900. Kanuni hii inaeleza mwanga unaotoka kwenye kitu chenye moto. Wewe mwenyewe umeiona ikifanya kazi: makaa kwenye jiko huanza kwa wekundu uliofifia, na kadiri moto unavyokolea ndivyo rangi inavyoelekea kwenye manjano. Planck alipata hesabu inayosema kila rangi itabeba nguvu kiasi gani kwenye joto fulani. Hesabu hiyo ililingana na vipimo vya maabara.

Shida ilikuwa kwenye maelezo. Ili kuifikia hesabu hiyo, wataalamu walichanganya mawazo mawili yasiyopatana. Mara mwanga uchukuliwe kama mawimbi kwa mujibu wa fizikia ya zamani, mara nguvu yake ihesabiwe kwa vipande vipande kwa mujibu wa fizikia mpya. Jibu lilitoka sawa, lakini njia ilikuwa na viraka.

Mwalimu mwingine angewaambia wanafunzi wakariri tu, mtihani upite. Bose hilo lilimkera. Angesimamaje mbele ya darasa kufundisha njia ambayo yeye mwenyewe haikumwingia akilini? Akaketi chini kutafuta njia iliyonyooka.

Alichogundua kinaweza kuelezwa kwa pesa. Tuseme kuna sarafu mbili za kugawa kati yako na rafiki yako. Sarafu moja ina alama nyekundu, nyingine ya kijani. Njia za kugawa ni 4: zote zako, zote zake, wewe nyekundu yeye kijani, au wewe kijani yeye nyekundu.

Sasa badala ya sarafu, chukua shilingi 2 zilizo kwenye M-Pesa. Hapo hakuna shilingi nyekundu wala ya kijani. Zote ni namba tu kwenye akaunti. Njia zinabaki 3: zote zako, zote zake, au kila mtu moja. Kusema mbadilishane shilingi hizo hakuna maana, kwani hakuna kilichobadilika.

Bose alihesabu chembe za mwanga namna hiyo ya pili. Alizichukulia kuwa hazina alama ya kuzitofautisha, hata kidogo. Alipohesabu hivyo, kanuni ya Planck ikatoka yenyewe, bila kiraka cha mawimbi ya zamani. Ona pia kilichotokea kwenye mfano wetu: kwa sarafu, nafasi ya zote mbili kwenda kwa mtu mmoja ni 2 kati ya 4. Kwa M-Pesa ni 2 kati ya 3. Yaani chembe za aina hii zina mwelekeo wa kukusanyika pamoja. Jambo hilo dogo ndilo lililokuja kutikisa fizikia.

Barua ya Juni 4

Bose aliandika makala fupi ya kurasa chache na kuituma kwa jarida moja maarufu la Uingereza, Philosophical Magazine. Haikuchapishwa.

Wengi wangekunja mkeka hapo. Yeye, Juni 4, 1924, aliituma moja kwa moja kwa Einstein mjini Berlin. Hebu fikiria: mhadhiri asiyejulikana, kutoka chuo kilichokuwa na miaka 3 tu, anamwandikia mwanasayansi mashuhuri kuliko wote duniani. Tena hakuomba kazi wala pesa. Aliomba makala isomwe, na kama ina maana, itafsiriwe kwa Kijerumani ichapishwe.

Einstein aliisoma na kuitafsiri kwa mkono wake mwenyewe. Aliipeleka kwa jarida la Zeitschrift für Physik, ambalo liliichapisha mwaka huohuo. Kisha akamtumia Bose postikadi ya kumpongeza.

Postikadi hiyo ilifungua milango. Bose alikuwa tayari ameomba chuo chake kimpe ruhusa ya kwenda kusoma Ulaya. Wakuu wa chuo walipoiona kadi ya Einstein, mambo yakawa mepesi. Alipewa miaka miwili, posho yake, na fedha za kukimu familia aliyoiacha, maana bila hizo asingeweza kuondoka. Hata viza ya Ujerumani alipewa bila malipo baada ya ubalozi mdogo kuonyeshwa kadi hiyo.

Paris: kurudi benchi

Ungedhani mtu kama huyo angefika Ulaya akitembea kifua mbele. Kumbe Bose alikuwa mwenye haya.

Mjini Paris alikutana na mwanafizikia Paul Langevin, ambaye alimwelekeza kwa Bi Marie Curie, mshindi wa Tuzo mbili za Nobel. Bose alitaka kujifunza utafiti wa madini yanayotoa miale. Bi Curie alimpokea vizuri na kuzungumza naye kwa Kiingereza. Akamweleza kwamba aliwahi kuwa na mwanafunzi kutoka India aliyepata taabu kwa sababu ya lugha, kwa hivyo Bose ajifunze Kifaransa kwanza kwa miezi kadhaa ndipo aanze kazi.

Tatizo ni kwamba Bose Kifaransa alikijua tayari. Alikuwa amekisoma kwa miaka mingi. Ila mbele ya mama huyo, ulimi ulikwama. Hakuweza kumkatiza kumwambia. Akashukuru, akatoka.

Kama umewahi kutoka kwenye mahojiano ukakumbuka mlangoni lile jambo ulilofaa kusema, basi unamwelewa.

Hata hivyo hakukaa bure. Kwa msaada wa Langevin alipata nafasi katika maabara ya Maurice de Broglie. Maabara hii ilikuwa ya binafsi, kwenye barabara ya Lord Byron, na ilisifika kwa utafiti wa eksirei. Mdogo wake Maurice, Louis de Broglie, mwaka huohuo wa 1924 aliwasilisha tasnifu iliyodai kwamba hata chembe za maada zina tabia ya mawimbi, wazo ambalo Einstein alilipenda na kulitumia pamoja na la Bose.

Lakini Bose hakwenda pale kujadili nadharia. Alienda kujifunza kufanya. Alifunzwa namna eksirei inavyotumika kuchunguza fuwele, yaani vitu kama punje ya chumvi ambavyo atomu zake zimejipanga kwa mistari. Eksirei ikipita kwenye fuwele hutawanyika kwa mpangilio maalumu, na kutokana na mpangilio huo mtafiti anaweza kujua atomu zimekaaje. Hii ni kazi ya mitambo, ya mabamba ya picha, ya kurekebisha na kurudia. Mtu aliyezoea chaki na karatasi alilazimika kuuliza maswali ya mwanagenzi.

Berlin na Einstein

Mwishoni mwa mwaka wa 1925 alihamia Berlin. Alipofika, Einstein alikuwa safarini, ikabidi angoje kwa wiki kadhaa. Walipokutana walizungumza sana kuhusu hesabu mpya ya chembe. Si kila jambo walikubaliana. Bose alikuwa ameandika makala ya pili ambayo Einstein aliitafsiri pia, ila akaongeza maelezo ya kuipinga. Bose alikuwa na tumaini la kufanya utafiti pamoja naye, lakini hawakuwahi kuchapisha chochote pamoja.

Alichopata kwa Einstein ni barua iliyomruhusu kuazima vitabu kwenye maktaba na kuhudhuria vikao vya wanasayansi. Mjini humo alikutana na watu kama Lise Meitner, Otto Hahn na Fritz Haber, na kuendelea kuzuru maabara za eksirei. Mwaka wa 1926 akafunga virago kurudi Dhaka.

Hapa mtu wa kuhesabu hesabu angeuliza: miaka miwili, posho yote hiyo, na makala ziko wapi? Kweli, safari hiyo haikumletea ugunduzi wa pili wa kulingana na ule wa kwanza. Ukipima kwa kipimo hicho pekee, unaweza kusema alirudi mikono mitupu.

Alichorudi nacho

Nyumbani kulikuwa na nafasi ya profesa wa fizikia. Bose aliiomba. Hakuwa na uzamifu, na hilo lilikuwa kikwazo, kwa hivyo marafiki walimshauri apate barua ya Einstein ya kumpendekeza. Einstein aliandika. Hata hivyo chuo kilimchagua kwanza mwanafizikia mwingine, Debendra Mohan Bose. Huyo alipokataa nafasi, ndipo Satyendra akapewa. Mwaka wa 1927 akawa profesa na mkuu wa idara. Naam, mtu ambaye Einstein alitafsiri kazi yake aliwekwa nafasi ya pili nyumbani kwao.

Hakununa. Akaanza kujenga maabara ya eksirei kule Dhaka. Vifaa vingine alivibuni mwenyewe na kuvitengenezesha papo hapo, kwa kuwa kuagiza kila kitu kutoka Ulaya kungekula pesa na miaka. Ujuzi ule wa Paris na Berlin ukaingia mikononi mwa wanafunzi ambao kamwe wasingepata nauli ya meli. Aliwatarajia hata wanafunzi wa nadharia waguse vyombo. Yeye mwenyewe aliruka kutoka fizikia hadi kemia, hisabati na hata lugha, na jioni alipiga esraj, ala ya nyuzi ya kwao.

Alikaa Dhaka hadi mwaka wa 1945, kisha akarudi Calcutta kuwa profesa katika chuo kikuu alichoanzia. Miaka miwili baadaye India iligawanywa, na Dhaka ikajikuta upande wa Pakistan.

Sayansi kwa lugha ya nyumbani

Kuna jambo moja zaidi alilolishikilia, na sisi tunaozungumza Kiswahili linatugusa. Bose aliona wanafunzi wakipambana mara mbili, kwanza na Kiingereza, kisha na sayansi yenyewe. Mwaka wa 1948 alianzisha chama cha kueneza sayansi kwa Kibengali, na jarida lake, Jnan o Bijnan, likaanza kuchapisha sayansi kwa lugha hiyo.

Walikuwepo waliomwambia Kibengali hakina msamiati wa kutosha. Yeye aliamini msamiati huja kwa kutumia lugha. Alipozuru Japani mwaka wa 1962 na kuona wanasayansi wakijadili fizikia ya juu kwa Kijapani bila wasiwasi, alirudi akiwa na uhakika zaidi. Awali, mwaka wa 1937, mshairi Rabindranath Tagore alikuwa tayari amemtunukia kitabu chake cha sayansi kilichoandikwa kwa Kibengali.

Tuzo aliyokosa

Mwanafizikia Paul Dirac ndiye aliyezipa chembe zinazofuata hesabu ya Bose jina la bosoni. Naye Einstein alikuwa amelipeleka wazo hilo kwenye atomu, akabashiri kwamba kwenye baridi kali mno atomu nyingi zitaanguka katika hali moja na kutenda kama kitu kimoja. Ilichukua miaka 70 kuthibitisha. Mwaka wa 1995 watafiti mjini Boulder, Marekani, walipoza atomu za rubidi hadi karibu na baridi ya mwisho kabisa, takriban digrii 273 chini ya sifuri, na ubashiri huo ukatimia. Watafiti watatu walipewa Tuzo ya Nobel mwaka wa 2001 kwa kazi hiyo.

Bose mwenyewe alipendekezwa kwa Nobel zaidi ya mara moja ila hakuipata. Mwaka wa 1958 Jumuiya ya Kifalme ya London ilimpokea kuwa mwanachama, miaka 34 baada ya makala yake. Nchini mwake alitunukiwa Padma Vibhushan mwaka wa 1954 na baadaye akafanywa Profesa wa Taifa. Alifariki mjini Calcutta Februari 4, 1974, akiwa na umri wa miaka 80.

Mara nyingi tunapomsikia mwalimu akienda semina wakati wa likizo, tunafikiria ni marupurupu tu na chai. Na ukweli usemwe, zingine huwa hivyo. Lakini Bose alikuwa na kila sababu ya kubaki Dhaka akijisifia postikadi yake. Badala yake aliketi kwenye benchi la wanagenzi akiwa na miaka 30, akauliza namna ya kushika vyombo, akarudi navyo kwa wanafunzi wake.

Kwa hivyo siku mwalimu wako atakapokuambia swali lako halijui, ila atakwenda kuuliza, usimcheke. Mngoje arudi.